Daftari Lisilosomwa Halilindi Mali

SOMO KWA VIKUNDI VYA KUJISAIDIA



Wazee wetu wa pwani walisema: mali bila daftari huisha bila habari. Vikundi vyetu vimelishika neno hilo. Hata kikundi cha akina mama kumi wanaochangishana shilingi mia kwa wiki kina daftari, kina mweka hazina, na kina siku ya kusoma hesabu mbele ya wote.

Lakini siku hizi pesa za kikundi hazikai tena kwenye kisanduku chenye kufuli tatu. Ziko ndani ya simu, ziko benki, ziko katika kompyuta ya SACCO. Na huko nako kuna daftari, ambalo wengi wetu hatujapata kuliona. Laandikwa na mashine yenyewe usiku na mchana. Leo tutaliangalia daftari hilo: ni kitu gani, nani analisoma, na akija mtu kutuambia, "nilipeni kila mwezi niwasomee", tumwulize nini.

LENGO LA SOMO
Baada ya somo hili wanakikundi waweze:
- kueleza daftari la matukio la kompyuta ni nini;
- kueleza kazi ya kampuni zinazosoma madaftari hayo kwa malipo, na mipaka ya kazi hiyo;
- kuuliza maswali yafaayo kabla ya kutia sahihi;
- kuanza kusoma daftari lao wenyewe, hata kama kikundi hakina kompyuta.

Somo latosha mikutano miwili. Mje na daftari la mweka hazina, taarifa ya M-Pesa ya kikundi na kalamu.

1. DAFTARI LA MATUKIO NI NINI?

Hebu tuanze na tunayoyajua. Ukienda kituo cha polisi kushtaki, askari huandika kwenye kitabu cha OB: saa, siku, nani amekuja, amesema nini. Hoteli za Diani zina kitabu getini: gari nambari gani limeingia, limetoka saa ngapi. Na ufuoni Vanga, karani wa BMU huandika ni chombo gani kimeteremsha samaki, ni changu au tasi au pweza, na ni kilo ngapi.

Vitabu hivi vyote vina mambo manne: saa, nani, amefanya nini, na wapi. Kompyuta nayo ina kitabu kama hicho. Mtu akifungua kwa neno la siri, mashine yaandika. Akikosea neno la siri, yaandika. Akituma pesa, akibadilisha nambari ya simu ya mwanachama, akifuta kitu, yote yaandikwa. Wataalamu huliita logi. Sisi katika somo hili tutaliita daftari la matukio.

Jambo moja la kuzingatia ni saa. Mashine hazisemi saa nane usiku, zasema 02. Basi fanyeni hivi: kutoka 00 hadi 06, ongeza sita, kutoka 07 hadi 18, toa sita, kutoka 19 hadi 23, toa kumi na nane. Kwa hiyo 02:14 ni saa nane na dakika kumi na nne usiku, na 13:15 ni saa saba na robo mchana. Tena kuna mashine zinazoandika kwa saa za Greenwich, ambazo ziko nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Mashine kama hiyo ikisema 23:14, kwetu ni 02:14 ya siku inayofuata. Watu wameshagombana kwa sababu ya kutojua hili. Mmoja asema, "wakati huo ofisi ilikuwa wazi", kumbe ilikuwa usiku wa manane.

2. KWA NINI HALISOMWI?

Sababu ya kwanza ni wingi. Karani wa BMU aandika mistari ishirini au thelathini kwa siku. Kompyuta moja ya ofisi yaweza kuandika maelfu. Hoteli yenye kompyuta hamsini, kamera na mashine za kulipia kwa kadi haiwezi kumpata mtu wa kusoma yote hayo kwa macho.

Sababu ya pili ni lugha. Mistari mingi ni nambari na vifupi, na karani wa kawaida hakufundishwa kuisoma.

Sababu ya tatu ni sisi wenyewe. Mambo yakienda vizuri hakuna afungulae daftari. Lafunguliwa pesa zikishapotea, na hapo lasomwa kwa machozi.

Ndipo zikaja kampuni zinazofanya kazi hii kwa malipo. Kazi yao, kwa maneno mepesi, ni hii:

Kwanza, hukusanya madaftari ya mashine zote za mteja na kuyapeleka mahali pengine, mbali na ofisi yenyewe. Hii ni hekima kubwa. Mwizi akiingia ofisini jambo la pili afanyalo ni kufuta alama zake. Nakala ikiwa kwingine hawezi kuifikia.

Pili, huyachekecha. Programu hupita mistari yote kama mtu apepetaye mchele, ikibakisha kokoto. Kokoto ni mambo kama haya: neno la siri limekosewa mara kumi kisha likakubaliwa, karani ameingia saa tisa usiku, nambari ya mtu mmoja imetumika Lunga Lunga na nusu saa baadaye ikatumika nchi nyingine, nambari ya simu ya mwanachama imebadilishwa na siku hiyo hiyo akiba yake ikatolewa. Na kokoto kubwa kuliko zote ni kimya. Mashine iandikayo kila dakika ikinyamaza saa tatu, yataka kuulizwa kwa nini.

Tatu, kuna watu wa zamu, usiku na mchana, Jumapili na sikukuu. Wao huitazama kila kokoto na kuamua: hii ni hatari, au ni karani tu aliyesahau neno la siri baada ya likizo ya Idi?

Nne, wakiona hatari, hupiga simu.

3. YALIYOTOKEA KWA WENGINE

Sasa tuangalie mambo yaliyotokea kweli. Yasomeni polepole kikundini, mmoja asome na wengine wasikilize.

Bangladesh, 2016. Benki Kuu ya Bangladesh ilikuwa na akiba yake New York, Marekani. Katika chumba kimoja cha benki hiyo mjini Dhaka kulikuwa na mashine ya kuchapa, ambayo kazi yake ilikuwa kutoa karatasi kwa kila agizo la pesa lililotumwa. Hiyo mashine ndiyo iliyokuwa daftari lao. Usiku wa Alhamisi tarehe 4 Februari 2016 wezi waliokwisha kujipenyeza katika kompyuta za benki walituma maagizo 35 ya kuhamisha karibu dola bilioni moja. Kabla ya hapo walikuwa wametia programu ya kufuta alama zao na kuizuia mashine ya kuchapa.

Ijumaa asubuhi wafanyakazi walikuta mashine haichapi. Walidhani ni hitilafu ya kawaida, kwani ilikuwa imeshawahi kuharibika. Tena Bangladesh Ijumaa ni siku ya mapumziko. Walipoifufua, ikaanza kutoa maulizo kutoka New York kuhusu maagizo yale. Wakajaribu kuwasiliana na New York, lakini huko nako wikendi ilikuwa imeingia. Jumatatu ilipofika, Manila ilikuwa sikukuu ya mwaka mpya wa Kichina. Dola milioni 81 zilipita katika akaunti za benki moja huko Ufilipino na nyingi zikaishia kwenye nyumba za kamari.

Lakini kuna jambo la kutia moyo humo. Dola milioni 20 zilizokuwa zinakwenda Sri Lanka zilizuiliwa kwa kuwa mtu mmoja katika benki ya njiani alisoma jina la mpokeaji akaona limeendelezwa vibaya. Akauliza. Mamilioni 20 yaliokolewa na mtu aliyesoma na kuuliza.

Marekani, 2013. Kampuni ya maduka makubwa iitwayo Target ilikuwa tajiri na ilijilinda. Ilinunua mtambo ghali wa kunusa hatari, na ilikuwa na watu wa zamu katika mji wa Bangalore, India, waliotazama usiku na mchana. Mwezi wa Novemba 2013 wezi waliingia kwa kutumia neno la siri la fundi wa mitambo ya baridi, aliyekuwa na ruhusa ya kuingia katika mtandao wa kampuni. Mtambo ukalia. Watu wa Bangalore wakaona, wakawaarifu wenzao makao makuu Minneapolis. Hapo makao makuu hakuna aliyechukua hatua. Wezi waliendelea mpaka katikati ya Desemba, wakachukua nambari za kadi za benki zipatazo milioni 40. Mkuu wa kampuni alijiuzulu Mei 2014.

Angalieni sana hapo. Mlinzi alikuwa macho, akapiga kelele, na mwenye nyumba hakuamka.

Uganda, 2020. Mwanzoni mwa Oktoba 2020 wezi waliingia katika mitambo ya Pegasus Technologies, kampuni iliyokuwa ikiunganisha benki na pesa za simu. Benki ya Stanbic na kampuni za simu za MTN na Airtel zikalazimika kusimamisha kwa muda huduma za kutoa pesa benki kwenda kwenye simu. Mwizi alipitia kwa yule wa katikati. Kwa hiyo tusiulize tu, "sisi tuko salama?" Tuulize pia, "huyu tunayempa kazi yetu, naye nani anamlinda?"

Kenya, 2023. Mwisho wa Julai 2023 mtandao wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa. Watu waliokuwa wakitafuta pasipoti na vibali wakakwama. Serikali ilikiri shambulio hilo, ikasema hakuna data iliyopotea. Njia iliyotumika ilikuwa kuusonga mlango kwa umati wa maombi ya uongo, hata wenye haja wasiweze kuingia. Daftari la matukio huonyesha umati kama huo ukianza kukusanyika, na mwenye kulisoma mapema hupata nafasi ya kufunga njia.

4. SHERIA YASEMAJE?

Msidhani haya ni mambo ya Nairobi tu. Kikundi, SACCO au zahanati ikiandika majina, nambari za vitambulisho na simu za watu, sheria yaigusa.

Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yasema kwamba taarifa za watu zikiibiwa na kuna hatari ya kuwadhuru, mwenye kuzitunza amwarifu Kamishna wa Data katika muda wa saa 72 tangu alipojua. Na kama ameikabidhi kazi kwa kampuni nyingine, kampuni hiyo imwarifu yeye bila kuchelewa, na ikiwezekana katika saa 48.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018 nayo yamtaka anayeendesha mtambo wa kompyuta kutoa taarifa ya shambulio katika saa 24. Kituo cha kitaifa kinachopokea taarifa na kutoa maonyo chaitwa KE-CIRT, na kiko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Maana yake ni nini kwetu? Saa zile za Sheria ya Kulinda Data zaanza kuhesabiwa mtu anapojua. Kadhalika, kumlipa mlinzi hakukuondolei wewe wajibu. Fundi aweza kubeba tochi, lakini mwenye nyumba ni wewe.

5. AKIJA MWENYE KUUZA HUDUMA

SACCO zetu, wenye maduka ya jumla, na nyumba za wageni huanza kufuatwa na watu wenye suti na karatasi za rangi. Wengine ni waaminifu na wajuzi. Wengine wanauza jina. Msiwafukuze wala msitie sahihi siku hiyo hiyo. Waulizeni haya, na majibu yaandikwe kwenye mapatano:

(i) Mtasoma daftari la mashine zipi? Zitajwe moja moja. Mashine isiyotajwa haitazamwi, na mwizi atapita hapo hapo.

(ii) Usiku wa saa tisa, siku ya Idi au Krismasi, ni mtu anayesoma au ni programu tu?

(iii) Mkiona hatari mtampigia nani? Tuandike watu watatu kwa mpangilio, wa kwanza asipopokea apigiwe wa pili. Barua ya mtandao peke yake haitoshi, kwani hakuna asomaye barua saa nane usiku.

(iv) Mtapiga simu baada ya muda gani? Dakika 15? Saa moja? Siku? Neno "haraka" si jibu.

(v) Mna ruhusa ya kufunga mlango wenyewe, au mnatuambia tu? Kama mnaweza kufunga, ni nani atakayeruhusu kufungua tena?

(vi) Daftari mtalihifadhi miezi mingapi? Wizi mwingine hugunduliwa baada ya miezi mingi. Daftari la siku 30 halisaidii hapo.

(vii) Mapatano yakiisha, daftari ni la nani? Tutapewa nakala yetu?

(viii) Watu wenu wanaona nini katika mambo ya wanachama wetu? Nani anawachunguza wao?

(ix) Mtatufanyia jaribio? Tuwekeane siku ambayo mtu wetu ataingia kwa makusudi usiku, tuone kama simu italia.

Swali hilo la mwisho lina thamani kuliko karatasi zote za rangi. Wakazi wa Vanga, Jimbo na Kiwegu mnaoujua mradi wa mikoko wa Vanga Blue Forest mmezoea jambo hili. Haitoshi kusema mikoko ipo. Yapimwa, yaandikwa, kisha huja mtu wa nje kukagua. Basi na ulinzi nao ukaguliwe.

Jueni pia mambo ambayo huduma hii haiwezi. Haiwezi kuona kisichoandikwa. Haiwezi kumzuia mweka hazina aliyepigiwa simu na mtu mwenye sauti tamu, "mama, nisomee ile nambari iliyokuja kwenye simu yako", naye akaisoma. Hapo kompyuta haikuvunjwa, bali mlango umefunguliwa kwa ndani. Wala haitengenezi uzembe wa ofisi ambayo watu wanne wanatumia neno la siri moja lililobandikwa ukutani.

6. KIKUNDI KIDOGO KIFANYE NINI?

Kikundi cha watu ishirini hakina haja ya kulipa kampuni. Pesa hizo nunueni nyavu au mbegu. Lakini kazi yenyewe, kusoma daftari, mwaweza kuifanya. Daftari lenu la matukio ni taarifa ya M-Pesa, taarifa ya benki, na ujumbe unaoingia kwenye simu ya kikundi. Tangu M-Pesa ianze Machi 2007 kila muamala huja na nambari yake, saa yake na kiasi chake. Hilo ni daftari zuri. Mnachohitaji ni msomaji.

Twashauri hivi:

- Chagueni msomaji ambaye si mweka hazina wala mshika simu. Si kwa kutomwamini mtu. Mwandishi na msomaji wakiwa mmoja, kosa halina wa kuliona.

- Kila mkutano, kabla ya kuchanga, taarifa isomwe kwa sauti na kulinganishwa na daftari la mweka hazina mstari kwa mstari. Kikundi kidogo humaliza mapema.

- Msifute ujumbe kwenye simu ya kikundi. Unakilini kwenye kitabu kinachokaa nyumba nyingine. Simu ikiibiwa au ikitumbukia baharini, nakala iko.

- Nambari ya siri ijulikane na mtu mmoja tu, na ibadilishwe viongozi wakibadilika.

- Kubalianeni juu ya kokoto zenu. Kwa mfano: pesa ikitoka usiku, ikitoka kwa mtu asiyejulikana, au ikizidi kiasi mlichopanga, msomaji aulize siku hiyo hiyo bila kungoja mkutano.

- Laini ya simu ya kikundi ikipoteza mtandao ghafla na simu za wengine zinao, msilale. Yawezekana kuna mtu amejiandikishia nambari yenu kwenye laini nyingine. Pigieni kampuni ya simu na benki mara moja. Nambari zao ziandikwe ukutani leo.

7. ZOEZI

Someni mistari hii. Ni mfano tu wa ofisi ya SACCO.

1) Jumanne 08:05. Nambari ya karani imeingia.
2) Jumanne 10:40. Mwanachama 112 ameweka shilingi 2,000.
3) Jumanne 13:15. Simu ya mwanachama 047 imebadilishwa kwa nambari ya karani.
4) Jumatano 02:14. Nambari ya karani: neno la siri limekataliwa mara 6, kisha limekubaliwa.
5) Jumatano 02:19. Mwanachama 047 ametolewa shilingi 38,500.
6) Jumatano 02:26 hadi 06:00. Hakuna kilichoandikwa.

Jadilianeni: ni mstari upi unaotaka kuulizwa?

Kwa mwongozaji wa somo: wengi watataja mstari wa 5, kwani ndipo pesa zilipotoka. Waongoze warudi nyuma. Mstari wa 3 ukiusoma peke yake ni wa kawaida, watu hubadilisha simu kila siku. Lakini ukiuunganisha na wa 4 na wa 5 waonekana kama maandalizi. Na mstari wa 6 ni ile kimya tuliyoisema. Hii ndiyo kazi ya msomaji mzuri, kuunganisha mistari. Kama mtu angemwuliza mwanachama 047 Jumanne mchana, "umebadilisha simu?" shilingi 38,500 zingekuwapo.

Sasa ulizeni swali la pili, gumu zaidi: je, karani ni mwizi?

Hapa pana jambo ambalo sisi tunaofanya kazi na vikundi tumeliona likivunja watu. Taarifa ikisomwa, jina likitajwa, kufika jioni kijiji kizima kimeshahukumu. Msichana aliyeajiriwa karani hawezi tena kupita sokoni, mama yake asemwa kisimani. Lakini daftari lataja nambari, halitaji mkono. Lasema nambari ya karani ilitumika saa nane usiku. Haliwezi kusema ni nani aliyekaa mbele ya kompyuta. Neno la siri lilikataliwa mara sita. Je, karani mwenyewe angekosea mara sita neno analolitumia kila siku? Labda ni mwingine aliyekuwa akibahatisha. Labda yeye, kwa usingizi. Na ule mstari wa 3, alifanya yeye mchana, au aliacha kompyuta wazi akaenda kunywa chai? Daftari limetupa mahali pa kuanzia kuuliza, halijatupa hukumu.

Kwa hiyo kila kikundi kiwe na kanuni tatu za usomaji. Moja, mtu aulizwe kwanza faraghani na watu wawili, kabla jina lake halijatajwa mkutanoni. Mbili, daftari lisifutwe wala kusahihishwa na yeyote wakati jambo linachunguzwa, hata na mwenyekiti. Tatu, yanayosomwa humo yabaki humo. Nani amekopa, nani amechelewa kulipa, nani ametuma pesa kwa nani, si hadithi za barazani. Na hilo la tatu ndilo mlidai pia kwa kampuni yoyote mtakayoilipa.

Tena daftari hilo hilo humtetea asiye na kosa. Kama kila mfanyakazi ana nambari yake na neno lake la siri, na daftari lasomwa kila siku, karani mwaminifu ana shahidi. Wanapotumia nambari moja wote, hakuna shahidi, na lawama humwangukia aliye mdogo kuliko wote.

8. MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayeandika na ni nani anayesoma? Je, ni mtu mmoja?
2. Taarifa ya M-Pesa ya kikundi ilisomwa mbele ya wote mara ya mwisho lini?
3. Simu ya kikundi ikipotea leo usiku, tutampigia nani kwanza? Nambari yake iko wapi?
4. Katika kisa cha Target, mlinzi aliamka na mwenye nyumba akalala. Kwetu ni nani anayepaswa kuamka?
5. SACCO tunamoweka akiba inasomewa daftari na nani? Mwanachama ana haki ya kuuliza hilo katika mkutano mkuu wa mwaka.

KAZI YA KUFANYA KABLA YA MKUTANO UJAO

Chukueni taarifa ya M-Pesa ya mwezi mmoja uliopita. Watu wawili wakae na daftari la mweka hazina, wawekee alama kila mstari unaolingana. Mistari isiyolingana iandikwe kwenye karatasi moja, bila kutaja jina la mtu, iletwe mkutanoni. Ikiwa yote yalingana, mshukuruni mweka hazina wenu mbele ya watu, kwa maana kazi yake ni ya shukrani chache. Na ikiwa hayalingani, mmepata la kuuliza mapema, wakati pesa bado ni za kutafutika.